Simba wa Kima si simba wa Tsavo

Ukipita stesheni ya zamani ya Kima, Makueni, huenda ukaambiwa kwamba hapo ndipo simba wa Tsavo walipomla mkuu wa polisi wa reli. Tukio ni la kweli, ila waliosingiziwa ni wengine. Simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli, waliuawa na mhandisi John Henry Patterson mwezi Desemba 1898, na leo wamo kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Mkuu huyo wa polisi, Charles Ryall, aliuawa Kima Juni 1900, mwaka mmoja na nusu baadaye, tena kilomita zaidi ya mia moja kutoka Tsavo.

Usiku huo Ryall na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walilala ndani ya behewa lililoegeshwa stesheni, wakimvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu. Zamu ilikuwa ya Ryall. Usingizi ukamshinda. Mlango ulikuwa wa kuteleza na behewa limeinama kidogo, hivyo simba alipoingia ukajifunga nyuma yake. Parenti, maskini, alikuwa amelala sakafuni na mnyama akamkanyaga akimfikia Ryall, kisha akatoka naye dirishani. Simba huyo alinaswa baadaye kwa mtego, akapigwa risasi.

Behewa lenyewe bado lipo, katika makumbusho ya reli Nairobi.