Vita na Matetemeko: "Ule Mwisho Bado"

Kila vita vinapozuka au ardhi inapotetemeka, utasikia waumini wakisema: "Basi, mwisho umefika, Mathayo 24 imetimia." Sura hiyohiyo inasema kinyume. Yesu alipotaja vita, njaa na matetemeko, aliongeza: "angalieni, msitishwe... lakini ule mwisho bado." Kisha akayaita yote hayo "mwanzo wa utungu". Mama aliyeshikwa na utungu anajua mtoto yuko njiani, lakini saa ya kujifungua haijui.

Waliojaribu kuipanga saa hiyo wameumiza watu. Mwaka 1844 huko Marekani, maelfu waliofuata mahesabu ya mhubiri William Miller kuhusu kurudi kwa Kristo walimngoja tarehe 22 Oktoba. Siku ikapita, wakalia, na wengine wakaiacha imani kabisa. Na mstari wa 36 ulikuwa palepale: siku ile hakuna aijuaye ila Baba.

Kinachonigusa zaidi ni mstari wa 13, "mwenye kuvumilia hata mwisho, ndiye atakayeokoka." Kuvumilia huko, kwa Kigiriki, ni kubaki chini ya mzigo bila kuukimbia. Ndugu uliyefiwa au unayeugua, hujaagizwa kuhesabu ishara. Umeombwa ubaki, ukipenda na kusali, hata leo inapokuwa nzito.