Taa za Hanuka Si Pambo la Desemba

Kila ifikapo Desemba, ofisi ya elimu ya sinagogi letu hupokea maswali kuhusu Hanuka, na mengi huanza kwa dhana kwamba hiyo ni Krismasi ya Wayahudi. Sivyo. Injili ya Yohana, sura ya 10, inaitaja kwa jina la Sikukuu ya Kutabaruku na kueleza kuwa Yesu alikuwa Hekaluni siku hizo. Sikukuu iliyoutangulia Ukristo haiwezi kuwa mwigo wa Krismasi.

Kinachoadhimishwa ni kutakaswa kwa Hekalu la Yerusalemu tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu wa kalenda ya Kiyahudi, mwaka 164 KK, baada ya Yuda Mmakabayo, kiongozi wa uasi wa Wayahudi, na ndugu zake kulitwaa kutoka kwa majeshi ya mfalme Antioko Epifane, aliyekuwa amepiga marufuku tohara na Sabato. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na sheria za marabi, inasimulia kwamba ilipatikana chupa moja tu ya mafuta yenye muhuri wa Kuhani Mkuu, ya kutosha siku moja, nayo yakawaka siku nane. Ushindi wa vita tunaushukuru katika sala; taa huwashwa kwa ajili ya mafuta, maana Hekalu lilikombolewa ili Mungu aabudiwe tena humo kwa usafi.

Kwa sababu hiyo taa hizi haziruhusiwi kutumika kwa kusomea wala kwa kazi yoyote. Huwekwa dirishani au mlangoni ili wapita njia wauone muujiza, ingawa penye hatari Talmudi inaruhusu ziwekwe mezani, ndani ya nyumba. Usiku wa kwanza huwashwa taa moja, wa pili mbili, hadi nane, kwa kufuata shule ya Hillel, mwalimu wa kale wa sheria ya Kiyahudi, iliyofundisha kwamba katika mambo matakatifu mtu huongeza wala hapunguzi. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, lakini huanza kuwashwa ule mpya, ulio kushoto. Mshumaa wa tisa, uitwao shamashi (mtumishi), ndio unaowashia mingine, nao hutengwa kidogo. Baraka husomwa kabla ya kuwasha: mbili kila usiku, na ya tatu usiku wa kwanza pekee. Wanawake nao wanawajibika, na maskini anatakiwa hata kuuza vazi lake apate mafuta.

Vyakula vya kukaangwa kwa mafuta na mchezo wa watoto wa kuzungusha pia ni desturi njema, na kazi za kawaida zinaruhusiwa siku zote nane, isipokuwa Sabato. Tunaomba sana Ijumaa izingatiwe: taa za Hanuka hutangulia zile za Sabato, kabla jua halijatua, zikiwa na mafuta ya kutosha kuwaka hadi nusu saa baada ya giza kuingia. Aliyekosa usiku mmoja hawezi kuulipa. Usiku unaofuata atawasha idadi ya usiku huo, kama wenzake.