Msuka wa kisu ni nini? Kwa anayetafuta kisu kidogo cha safari

Msuka ni ule mkia wa chuma unaoendelea nyuma ya bapa la kisu na kuzama ndani ya mpini. Dukani huuoni. Unaona bapa linang'aa, unaona mpini mzuri, unauliza bei. Kumbe kilichoshika hivyo viwili ndicho kitakachoamua kama kisu kitamaliza safari.

Aliyekulia shamba hahitaji kufundishwa neno hili, analijua kutoka kwenye jembe. Jembe la asili la mikoa hii ya Tabora na Kigoma, kabla hayajaenea haya ya dukani yenye tundu la kupachikia mpini, lina msuka mrefu uliochongoka. Fundi anachoma tundu kwenye kichwa cha mpini, pale mti ulipo mnene kama rungu, kisha anaupenyeza msuka humo. Kila ukilima, pigo linaukaza zaidi. Kiangazi mti ukikauka jembe linaanza kucheza, basi unaliloweka usiku kucha, asubuhi limeshika. Majembe ya aina hiyo, yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa na kwingineko, yalikuwa mali katika Unyamwezi wa zamani: yaliuzwa, yalibadilishwa kwa bidhaa nyingine, yalitolewa mahari. Kwa hiyo habari ya chuma kukaa ndani ya mti si elimu ngeni huku. Tumeisahau tu tulipoanza kununua visu vilivyofungwa kwenye nailoni.

Mimi nilikumbushwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kibirizi, jioni moja tulipofunga hema. Nilikuwa na kisu kipya, mpini wa plastiki nyekundu, kizuri kwa macho. Kilitumbua migebuka mitatu, samaki wa ziwa hilo, bila shida. Nilipoanza kuchonga kigingi cha hema, nikahisi kitu kinacheza kiganjani, kama jino bovu. Nikakaza mkono. Bapa likageuka ndani ya mpini, makali yakatazama juu, na kidole gumba kikalipa. Tulipoupasua ule mpini kesho yake tulikuta msuka mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, umekaa ndani ya plastiki tupu, umegandishwa na gundi kidogo. Muuzaji simlaumu sana, maana sikumuuliza.

Sasa, misuka haifanani.

Kuna msuka mzima. Huo una upana uleule wa mpini na unafika mpaka mwisho wake. Mpini hapo si kitu kimoja bali ni vipande viwili vya mti au plastiki ngumu, kimoja kila upande, vimebana chuma katikati na kushikwa na ribiti. Ukiutazama mpini kwa mgongoni unaona mstari wa chuma unapita katikati kama nyama ndani ya mkate. Kuna msuka mwembamba: chuma kinapunguzwa upana, kinaingia kwenye tundu la mpini kama ule wa jembe. Ukipita mpaka nje na kufuliwa kichwa kwa nyuma, ni imara sana. Ukiishia katikati, imara yake inategemea urefu na jinsi ulivyoshikizwa. Halafu kuna msuka wa kidole, ule wangu wa plastiki nyekundu. Na kuna visu ambavyo msuka ndio mpini wenyewe, chuma kitupu kilichotobolewa matundu kupunguza uzito na kuzungushiwa kamba. Ni vyepesi, lakini nusu saa ya kumenya mihogo itakuambia kwa nini watu walibuni mti.

Kisu cha kukunja hakina msuka wa kuzama ndani ya mpini. Bapa linazunguka kwenye pini moja, na pini hiyo ndiyo inayobeba kazi kubwa. Kwa kukata kamba na kumenya chungwa kinatosha, kinakaa mfukoni, hakimtishi mtu. Kambini kando ya ziwa tatizo lake ni uchafu: magamba, mchanga na utumbo wa samaki vinaingia kwenye ule mkunjo na kuvitoa ni shughuli. Kisu kisichokunjwa unakichovya majini, unakifuta, basi. (Cha ajabu ni kwamba hiki cha pili hakina jina maalumu kwetu. Kisu ni kisu. Ni kile cha kukunja ndicho kilichohitaji maelezo.)

Ukisoma maandishi ya wapenzi wa kambi wa Ulaya na Marekani utadhani msuka mzima ni dini. Sababu yao ina maana: wanapasua kuni kwa kisu. Wanasimamisha makali juu ya gogo dogo na kugonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti mpaka gogo lipasuke. Kisu kinachopigwa hivyo kinahitaji chuma kizima mpaka mwisho wa mpini. Ila hebu jiulize, ni kambi gani ya Kigoma au Tabora utakayofika usikute panga? Kazi ya kuni ina mwenyewe. Ukiipa panga hiyo kazi, kisu chako kidogo kinabaki na kazi za kisu: kutumbua samaki, kumenya, kukata kamba, kuchonga vigingi, na kukinyoa kijiti kikavu bila kuvitenganisha vinyoleo, mpaka kiwe na nywele za kushika moto hata baada ya mvua. Kwa kazi hizo msuka mwembamba ulioingia sawasawa unatosha kabisa. Ushahidi upo kaskazini ya dunia: visu vya jadi vya Ufini vinavyoitwa puukko, na vile vinavyotengenezwa katika mji wa Mora nchini Uswidi, kwa sehemu kubwa ni vya msuka mwembamba, na wenye navyo wamechonga, wamewinda na kuvua navyo kwa vizazi vingi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, msuka umefika mbali kiasi gani, na umeshikwa na nini?

Muuzaji hajui mara nyingi, na hatakuruhusu kuupasua mpini. Tumia mikono. Tazama mgongo wa mpini kama kuna mstari wa chuma. Kama haupo, tazama kitako: kichwa kidogo cha chuma kilichofuliwa ni dalili njema. Kisha kilaze kisu juu ya kidole kimoja, pale bapa linapokutana na mpini. Kikidondokea upande wa bapa kwa kasi, kama mizani iliyowekewa jiwe, huenda mpini ni mtupu ndani. Mpini mnene wa mti unaweza kukudanganya kwa uzito wake, kwa hiyo usiishie hapo. Shika mpini kwa mkono mmoja, bana bapa kwa kitambaa kwa mkono wa pili, pindisha kidogo kulia na kushoto huku umesogeza sikio. Kisu kizima hakisemi kitu. Kikilia, hata kidogo, kirudishe mezani.

Baada ya kile kidole nilikwenda kwa fundi chuma mmoja, Tabora, anayefua visu kutoka kwenye springi za magari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unataka cha jikoni au cha porini?"

"Cha safari, kidogo. Cha kutumbulia samaki na kuchongea vigingi."

"Basi sikuwekei mgongo mnene. Mnene ni wa kupasulia kuni, na cha kupasulia kuni kinaitwa panga."

Nilikaa pale kumtazama. Alikichoma chuma mpaka kikawa chekundu, akakigusisha sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Iliponata, akakirudisha motoni. Ilipokataa kunata, akalizamisha bapa kwenye kopo la oili. Bapa tu. Msuka aliuacha nje ya oili upoe wenyewe hewani, taratibu. Nikauliza kwa nini. Akasema makali lazima yawe magumu ili yakate, lakini msuka ukiwa mgumu hivyo utakatika kama sahani siku utakapokipinda kisu. Halafu akalirudisha bapa kwenye joto dogo, mpaka chuma kilichosuguliwa kikapata rangi ya majani makavu, kuondoa ule ugumu uliozidi. Mimi nilikuwa nimeshindwa kuuelewa msuka kwa miaka, yeye aliumaliza kwa pumzi moja.

Vipande vya mpini aliweka vya mninga. Ni chaguo la maana kuliko linavyoonekana. Mti unaonywea na kuvimba sana huachana na chuma kiangazi kikikolea, unabaki ufa mwembamba kati yake na msuka, na mvua ikija maji yanaingia humo na kutu inakula chuma pasipo mtu kuona. Huo ndio udhaifu mkubwa wa msuka mzima, watu hawautaji. Mninga unajulikana kwa kutobadilika sana kati ya ukavu na unyevu.

Vipimo: bapa la sentimita 8 hadi 10 linatosha, karibu upana wa kiganja. Likiwa refu kuliko hapo unaanza kushindana na panga na utashindwa. Unene wa milimita 2.5 hadi 3 kwenye mgongo unapita vizuri kwenye kiazi. Wa milimita 5 unakipasua kiazi badala ya kukikata.

Kuhusu chuma chenyewe, chagua kati ya uvivu wa aina mbili. Cha springi hakina kromiamu ya kutosha kukizuia kutu, lakini unakinoa kwa dakika chache hata kwenye kitako cha kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyong'arishwa. Stenlesi ina kromiamu kuanzia asilimia 10.5, inavumilia kusahauliwa usiku mmoja ikiwa na maji, ila nyingi za bei poa huwa laini na makali hayakai. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo kisu cha springi kinaishi vizuri ziwani. Kinachokimaliza ni samaki wa chumvi, limau na maembe.

Ala ichague ngumu, inayobana kisu bila kukitikisa, yenye tundu chini la kutolea maji. Ya ngozi ni nzuri Tabora. Kwenye mtumbwi inalowa na kukaa imelowa. Ukisafiri kwa ndege kiweke kisu kwenye begi linalokabidhiwa, siyo la mkononi. Na ukienda Gombe au Mahale, mwonyeshe askari wa hifadhi unapofika, kabla hajakiona mwenyewe.

Fundi aliniambia nikipake mawese kila nikimaliza kazi. Nilipaka wiki mbili. Mafuta yakaganda kama gundi, na asubuhi moja nikakuta sisimizi wamejipanga mpaka ndani ya ala. Sasa napaka mafuta ya cherehani, tone moja, na nakifuta kwa kitambaa kabla sijagusa kitunguu.