Macho Yanapocheza, Tatizo Huenda Liko Tumboni

Bibi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniletea mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu akasema, "Daktari, macho ya huyu yanacheza ngoma." Maelezo ya vitabuni hayajapata kumshinda. Macho yalirukaruka kila upande bila mpangilio, hata usingizini, viungo vilishtukashtuka, na mtoto aliyekwisha kutembea vizuri sasa alikuwa akiyumba na kuanguka. Alikuwa ametibiwa degedege, ingawa hakuwa na homa wala hakupoteza fahamu.

Ugonjwa huu, uitwao opsoklonasi-mayoklonasi, ambao daktari Marcel Kinsbourne aliueleza mwaka 1962, huanza hasa kati ya umri wa mwaka mmoja na mitatu. Takriban nusu ya watoto hao hukutwa na nyuroblastoma, yaani saratani ya seli changa za neva, ambayo aghalabu hujificha juu ya figo au kandokando ya uti wa mgongo. Uvimbe wenyewe haujafika kichwani. Kinga ya mwili, katika kuupiga vita, huushambulia na ubongo, kwa kuwa seli za pande zote mbili zina asili moja. Ndiyo maana picha ya kichwa mara nyingi hutoka safi, nasi madaktari tukaridhika mapema mno. Hata kipimo cha mkojo, cha kutafuta kemikali zitokazo kwenye uvimbe, chaweza kutoonyesha kitu, kwani uvimbe huwa mdogo. Sharti zipigwe picha za kifua, tumbo na nyonga.

Kwa wasichana waliobalehe kuna ugonjwa wa jamii hiyo, uliofafanuliwa na daktari Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, ambao kingamwili zake huvilenga vipokezi vya NMDA, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Binti hukosa usingizi, huweweseka, hupata kifafa. Huku pwani twasema kapandwa na jini. Baadhi yao wana teratoma, yaani uvimbe wa seli za aina mchanganyiko, kwenye ovari, ilhali kwa watoto wadogo uvimbe ni nadra.

Mjukuu wake alipokwisha kupasuliwa, yule bibi aliniuliza, "Si uvimbe umeshatolewa? Mbona dawa haziishi?" Swali la haki. Saratani yenyewe mara nyingi hupona, lakini kinga iliyokwisha kuchokozwa haitulii kwa upasuaji peke yake. Huhitaji dawa za kuituliza, yaani steroidi, imunoglobulini, pengine rituksimabu, kisha miaka ya kufuatilia usemi na masomo. Hata mafua ya kawaida yaweza kuyaamsha maradhi upya. Kwa hiyo kila mjukuu anapopata homa, bibi humbeba hadi mlangoni penye mwanga, akamtazama macho.