Oksijeni haiui mgonjwa, kinachoua ni kuchelewa

"Dokta oksijeni hapana, akishawekewa hiyo harudi." Kauli hii naisikia wodini karibu kila zamu na kusema kweli imenichosha, maana kuna watu tunawapoteza kwa ajili yake tu.

Anayesema hivyo najua kuna kitu amekiona. Shangazi alikuwa kalazwa, manesi wakaja na ile mipira ya puani, asubuhi wakaambiwa amefariki, basi kichwani kwake mashine ndo imemmaliza. Lakini jiulizeni, mashine ililetwa kwanini? Ililetwa kwa sababu oksijeni kwenye damu ilishashuka, mapafu yamejaa, moyo umechoka, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe kaletwa siku ya tano ya kuumwa baada ya kuzungushwa duka la dawa na "tuone mpaka kesho". Tunawawekea walio hoi, kwahiyo wapo watakaofariki, na wapo wengi sana wanaotoka kwa miguu yao ila hao hakuna anayewasimulia.

Mwili hauna ghala la oksijeni. Njaa mtu anavumilia siku kadhaa, kiu siku mbili tatu, lakini ubongo ukikosa oksijeni kabisa dakika nne tano seli zinaanza kufa na hazirudi. Kawaida kipimo cha oksijeni cha kidoleni tunataka kisome asilimia 95 kwenda juu, ikishuka chini ya 90 hiyo ni dharura, sasa mnapotuambia tusubiri baba mkubwa afike kutoka Tabora ndo atoe ruhusa mnataka nifanye nini na mgonjwa mwenye 78?

Mtoto wa nimonia mwangalieni vizuri. Matundu ya pua yanatanuka kila akivuta hewa, mbavu zinabonyea ndani, akishika titi ananyonya mara mbili anaachia kwa sababu hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja. Midomo kwa ngozi zetu inadanganya, tazameni ulimi na fizi kama zimegeuka rangi. Tunamuwekea lita moja tu kwa dakika, namba inapanda 84, 89, 93, mapigo ya moyo yanatulia, analala. Halafu nesi akigeuka bibi anachomoa mpira kimyakimya kwa sababu anamuonea huruma mjukuu. Bibi zangu nawaheshimu sana lakini hapo hamjampumzisha, mmemrudisha kulekule, na kile kifua kinaanza upya kuhangaika.

Na ile ya "akiizoea hataweza kupumua mwenyewe" nayo iacheni. Hewa tunayovuta wote ina oksijeni asilimia 21, sisi tunaongeza juu ya hapo mapafu yakiwa yanapona, yakipona tunapunguza kidogokidogo mpaka tunatoa. Anayerudi nayo nyumbani ni kwa sababu mapafu yake yameharibika, labda makovu ya TB ya zamani au sigara za miaka, siyo kwamba kaizoea. Oksijeni ni dawa, WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na kama dawa yoyote ina dozi: mtoto njiti akipewa kupita kiasi macho yanaweza kuharibika, mwenye mapafu ya sigara tunamshikilia kati ya 88 na 92. Kwahiyo kile kitufe cha kuongeza na kupunguza ndugu msikiguse, muiteni nesi.

Nyingine nazipitia haraka. Tangu korona watu wana oksimita, kile kipimo cha kidoleni, majumbani, mtu anaishiwa pumzi kwa kutembea mpaka chooni tu halafu anajibu "lakini inasoma 99". Namba ile inasema himoglobini iliyopo, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, imejaa oksijeni kiasi gani, haisemi himoglobini yenyewe iko kiasi gani. Daladala tatu zikijaa siti zote unaweza kusema zimejaa asilimia mia, ila kituoni wamebaki abiria kibao. Mwenye HB (kiwango cha himoglobini) ya 4, yaani damu imepungua sana, anaweza kusoma 99 vizuri tu. Na futeni rangi ya kucha kabla ya kupima, piko pia inaharibu kipimo.

Huyohuyo wa HB 4 utakuta anapewa juisi ya rozela na bitiruti wiki nzima. Kunyweni, sikatazi, ila HB ya 4 na mtu anahema ni suala la kuongezewa damu leo leo, na baada ya hapo tutafute ilikoenda: safura, malaria, hedhi nzito, sikoseli, vidonda vya tumbo.

Presha kupanda siyo damu kuwa nyingi. Ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, nina wagonjwa wa presha 180 na HB ya 6, sasa mtu kama huyo akiacha mboga za majani ili "apunguze damu" anajiumiza bure.

Ya mwisho inanikera nayo na inaua usiku mmoja familia nzima, hasa kipindi cha baridi huko Njombe, Makete na Mbeya: "mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi, hauna shida kulala nao". Mkaa huo unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo damu inazunguka lakini haina cha kupeleka. Jiko litoke nje kabla hamjalala, kuacha upenyo wa dirisha haitoshi. Mkiwakuta watu wamelegea, kichwa kinauma, wanatapika, watoeni nje kwenye hewa safi haraka, na mkifika hospitali semeni mapema kwamba kulikuwa na jiko ndani, maana oksimita haiwezi kutofautisha gesi hiyo na oksijeni, itatusomea 98 na sisi tutaanza kutafuta malaria.