Mfiwa Huhitaji Watu Zaidi Baada ya Mazishi

Huku kwetu Kisumu, Siaya na Vihiga, mtu akifariki kamati ya mazishi huundwa mara moja, michango hutumwa kwa M-Pesa, majirani huleta kuni na unga, na watu hukesha na wafiwa hadi siku ya kuzika. Utaratibu huo ni tiba kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwani humruhusu mfiwa kulia mbele ya watu wakati akili yake bado haijasadiki yaliyotokea. Sisi wanasihi huwapokea wengi waliozidiwa baadaye, hema likishang'olewa na jamaa wakisharejea Nairobi, kwa maana ganzi ya mwanzo humtoka mtu wakati ambapo hana tena wa kuzungumza naye.

Wengi wamesikia kuhusu hatua 5 za huzuni (kukana, hasira, kubembeleza yasitokee, majonzi na kukubali) alizozieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka wa 1969. Hatua hizo alizitoa katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe, na hakuna mfiwa anayelazimika kuzipitia kwa zamu. Mtu anaweza kucheka na wateja sokoni Kibuye asubuhi, kisha jioni akalia kwa kuona shati la marehemu. Kukosa usingizi, kusahausahau, hata kudhani umeisikia sauti ya marehemu, si wazimu.

Anayetaka kufariji na asiogope kulitaja jina la marehemu. Maneno kama "jikaze" na "mwanamume halii", ijapokuwa husemwa kwa nia njema, humfunga mfiwa mdomo. Vilevile, "ukihitaji chochote niite" haimsaidii sana, kwa sababu hana nguvu za kuita. Ni afadhali uende ukampalilie mahindi, au umsindikize mjane kwa chifu kufuatilia barua ya urithi. Wabukusu huwa na kikao siku ya tatu baada ya mazishi, ambapo madeni na mali ya marehemu huzungumzwa. Ningependa sana koo zetu zote zipange katika vikao vya namna hiyo ni nani atakayemtembelea mfiwa wiki ijayo, na nani mwezi ujao.

Mtoto naye aambiwe kwa upole kwamba baba amekufa na hatarudi. Akiambiwa amesafiri, atamngoja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka wa 2022, linatambua huzuni ya muda mrefu kuwa ugonjwa pale ambapo majonzi makali yamedumu zaidi ya miezi 6, yakapita kiasi cha desturi za jamii ya mfiwa, na kumzuia kuendesha maisha yake. Huyo apelekwe hospitalini. Lakini mfiwa akisema anatamani kumfuata marehemu, msingoje hata siku moja: kaeni naye, ondoeni dawa za kunyunyizia mimea nyumbani, na mpige simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.