Mvua ikizidi, funguo za shule ziko kwa nani?

Maafa yakitokea usiku, kamati ya maafa ya wilaya huulizia shule kabla ya kitu kingine chochote. Zahanati ni ndogo na ofisi ya kijiji ina vyumba viwili. Shule ina paa, uwanja, vyoo, pengine na kisima, na hakuna asiyejua iliko. Mlinzi anaamshwa, madarasa yanafunguliwa, na kunapokucha familia zimelala sakafuni chini ya ubao wenye hesabu za jana. Nimefanya kazi na kamati hizi miaka kadhaa, na uamuzi huo siupingi, kwa sababu mara nyingi hakuna mwingine. Kinachoniuma ni kwamba mwalimu mkuu huwa wa mwisho kupewa habari, na tarehe ya kuirudisha shule mikononi mwake haiandikwi popote.

Chukua Hanang, mkoani Manyara. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Baadhi ya waliopoteza makazi walihifadhiwa shuleni. Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni, kwa hiyo likizo ilisaidia. Kenya, miezi michache baadaye, kalenda haikuwaonea huruma. Muhula wa pili wa 2024 ulipaswa kuanza Aprili 29, ukasogezwa hadi Mei 6, kisha ukaahirishwa bila tarehe, na watoto wakarudi Mei 13. Shule nyingine zilikuwa zimejaa maji na vyoo vimetitia. Nyingine zilikuwa zimepokea watu waliokimbia mafuriko.

Huku kwetu Tanzania muundo upo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Elimu nayo ina ngazi zake: afisa elimu wilaya, afisa elimu kata, mwalimu mkuu, kamati ya shule. Pande hizi mbili zinakutana kwa mtendaji wa kata, na mara nyingi sana zinakutana siku ya maafa yenyewe, watu wamelowa, simu hazina chaji, kila mmoja akitoa amri. Hapo hakuna nafasi tena ya kupanga.

Kuna hesabu ambayo ningependa kila mwalimu mkuu aifanye mapema. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba za kulala chini ya paa. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, yaani watu 18. Darasa hilohilo kwa kawaida yetu ni la wanafunzi 45, na afisa anayetafuta mahali pa kuweka watu huiangalia hiyo 45, kisha anaongeza. Vyoo ni vilevile: tundu moja kwa watu 20, watoto na wazee wakiwemo, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Choo cha shimo kilichochimbwa kwa ajili ya wanafunzi wanaorudi nyumbani saa nane hakiwezi kuhimili hilo. Kikijaa, shule haifunguki hata kambi ikishaondoka. Kwa hiyo ahadi ya kunyonya vyoo au kuchimba vipya inapaswa kutolewa kabla familia ya kwanza haijaingia. Madawati pia yaondolewe darasani siku ya kwanza na kufungiwa stoo. Kuni zikiisha na mvua bado inanyesha, dawati huishia jikoni, na simlaumu mama mwenye watoto wenye njaa.

Upande wa pili ni watoto wakiwa bado mikononi mwa shule. Aprili 12, 2024, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Nikilikumbuka tukio lile, najiuliza ni nani katika kila kata mwenye mamlaka ya kusema leo magari hayatoki, watoto wabaki nyumbani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ni mfumo mzuri, ila shule nyingi hazijapangiwa cha kufanya katika kila ngazi. Taarifa inafika kwenye kundi la WhatsApp la walimu, inasomwa, inapita. Ingetosha kukubaliana kwamba ikitoka tahadhari kubwa, afisa elimu kata anampigia mtendaji jioni ileile, na mwalimu mkuu ana ruhusa ya kuamua bila kusubiri barua kutoka wilayani.

Mpango usiotaja mahali hauokoi mtu. Japani ni nchi inayosifiwa kwa maandalizi, lakini Machi 11, 2011 wanafunzi 74 na walimu 10 wa shule ya msingi Okawa, mjini Ishinomaki, walichukuliwa na tsunami. Walikaa uwanjani kama dakika 50 baada ya tetemeko, na nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Shule yenyewe ilikuwa imeteuliwa kuwa kituo cha kukimbilia, na mwongozo wake ulisema tu watu wahamie eneo la wazi au bustani, bila kutaja ipi. Mahakama Kuu ya Sendai ilisema mwaka 2018 kwamba shule na mamlaka za mji zilizembea kwenye maandalizi, na mwaka uliofuata uamuzi huo ukabaki hivyo hivyo. Nadhani kila mpango wa shule usomwe kwa jicho hilo: mahali pametajwa kwa jina? Kamati ya maafa imepakagua kwa miguu, au imeandika tu?

Kitu kimoja ambacho watu wa maafa hatukithamini ipasavyo ni daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa anajua Neema anaishi kwa bibi yake ng'ambo ya mto, na kwamba ndugu zake wawili wako darasa la pili. Watu wanapotafutwa, habari hiyo ina thamani kuliko orodha yoyote tunayoanza kuiandika upya. Daftari lipigwe picha mwanzoni mwa kila muhula, nakala ikae kwa afisa elimu kata. Na mtoto asikabidhiwe kwa mtu yeyote, hata anayejiita mjomba, mpaka mwalimu wake amtambue. Tukumbuke tu kwamba mwalimu huyo naye huenda nyumba yake imekwenda na maji, hivyo ahesabiwe pia miongoni mwa waathirika.

Makubaliano yenyewe yanaweza kuwa ukurasa mmoja. Ndani yake kuwe na jina la mwenye funguo na la msaidizi wake, madarasa yatakayotumika na yasiyoguswa, siku za juu kabisa za kukaa na mahali watu watakapohamia baadaye, pamoja na hati ya makabidhiano inayosainiwa wakati wa kuingia na wa kutoka ili uharibifu ulipwe. Kama shule ni kituo cha mitihani, iandikwe wazi: kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba, katikati ya vuli. Saini ziwe za mwalimu mkuu au mkuu wa shule, mwenyekiti wa kamati au bodi ya shule, na mtendaji wa kata, nakala iende kwa mratibu wa maafa wilayani. Kikao cha Agosti kinafaa, kabla mvua hazijaanza.